Aliyeingia kwa Jina Lako

Akinyi wangu,

Nakuandikia kwa kalamu. Kompyuta siiamini tena.

Wiki tatu baada ya kukuzika nilirudi kwenye ile saiba ya Donholm, ile ya kulipia intaneti, nikakaa pale kwetu dirishani. Nilitaka tu kuwasalimia watu wa chumba chetu cha maongezi, wale Wakenya waliotawanyika kila nchi, ambao wewe ndiye uliwakusanya. Nikaliona jina lako. Nyarumoja, binti wa Umoja, kama ulivyojiita. Limeingia. Linaongea.

Nilifurahi, Akinyi. Nisamehe. Kwa sekunde moja nilifurahi.

Halafu nikaona linaongea na nani. Kakako Odhiambo, kule Kanada, aliyeshindwa kuja mazishini. Linamwambia, "Walikudanganya. Mimi mzima, bado niko hospitali." Naye anauliza, "Ni wewe kweli? Ni wewe?" Anarudia na kurudia.

 Nikaandika, "Niaje. Tukiwa wawili huwa unaniita nani?" Likajibu, "Mwende, si ndiyo?" Wewe hujawahi kuniita Mwende tangu darasa la tatu. Kwako mimi ni Mama Maswali.

Nikalifukuza chumbani, maana nami ni msimamizi. Likarudi. Nikalifukuza tena, likarudi tena, kwa sababu hukulisajili kwa neno la siri. Nilikuambia mara ngapi? "Wee, nani ataiba jina la Mjaluo wa Umoja?" Ulisema ukicheka, ukaendelea kumwaga makombo ya mandazi kwenye kibodi ya watu. Nilikukasirikia palepale. Hata sasa nimekukasirikia, kidogo.

Lilipotoka mara ya nne nikaliwahi, nikalisajili mimi. Sasa asiyejua neno la siri hawezi kulitumia. Yule alikuwa nani, sijui; huenda alikaa hapahapa. Nikiingia saiba nawatazama watu migongo, mmoja mmoja. Situlii.

Nilipomwambia Odhiambo kwamba yule alikuwa mwongo na jina sasa ninalo mimi, akaniandikia faraghani: "Mwende, jina si unalo wewe? Ingia nalo mara moja tu. Niage kama yeye."

Nilikaribia kukubali, Akinyi. Najua unavyoandika, bila herufi kubwa, bila nukta. Niliandika jina lako, nikaandika neno la siri. Nikafuta. Nikatoka nje, nikazunguka maduka mara mbili kama mtu aliyepoteza kitu, nikarudi.

Nikamwandikia kwa jina langu. "Odhis, ni mimi, Mwende. Nilikuwepo Siaya, mazishini. Nilimtilia udongo kwa mkono wangu."

 Nikadhani laini imekatika.

Kisha: "Alivaa nini?"

Nikamwambia. Gauni la njano la kwaya, ambalo mama yenu alilipiga pasi mwenyewe, hakutaka kusaidiwa na mtu. Nikamwambia tuliimba nini, na jinsi baba yenu alivyosahau kuvua kofia na hakuna aliyethubutu kumkumbusha. Aliuliza kila kitu. Nilimjibu mpaka waliokuwa wakingoja kompyuta nyuma yangu wakaanza kunung'unika.

Jina lisipotumika kwa wiki kadhaa, mtambo hulitoa kwa yeyote. Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi, chumba kikiwa kitupu, naingia kwa jina lako, nakaa dakika moja, natoka. Sijaandika kitu. Sitaandika. Nakuahidi hilo, hata siku Odhiambo akiniomba tena, hata siku mimi mwenyewe nikikutamani kupita kiasi.

Pumzika, dada. Mlango nimeushika.

Mwende