Ukwaju wa Nana na Pikipiki ya Kaka Badawi

Bi Mwanaesha, baada ya kukuamkia kwa heshima nakuomba unishike mkono, maana mimi ni msichana mwenye haya, nimetoka shule juzijuzi, na jambo hili siwezi kulisema mbele ya watu. Kaka yangu Badawi alinunua pikipiki iliyouzwa na jeshi baada ya vita, huiegesha penye baraza letu hapa Kibokoni, na bibi yetu, Nana, anaipenda kuliko mwenyewe, basi kila Alhamisi huyasugua yale mabomba mawili ya mbele, yanayoteleza juu na chini gurudumu likiingia shimoni, kwa ukwaju na chumvi, kama anavyosugua dele lake la shaba la kahawa, akisema, "Chombo cha barazani ni uso wa nyumba," na sasa mabomba yamejaa vishimo kama uso wa aliyeugua ndui, mpira wa kuzuia mafuta unararuka, na mafuta yanachuruzika hadi gurudumuni. Masha, fundi wa gereji moja ya Shimanzi, ameshatia mpira mpya zaidi ya mara moja, na kaka alimwita mwizi mbele ya watu barazani, naye akamjibu, "Mimi natia mpira, wewe waurarua. Kaulize nyumbani kwako." Sasa kaka ameapa kwamba Jumamosi atakwenda kwa mwenye gereji ili Masha afukuzwe, nami najua kosa si lake, lakini nikisema nitamfedhehesha Nana aliyenilea, na nikinyamaza mtu atakosa kazi bure. Nifanyeje?

Sheikha, Kibokoni

*

Sheikha, nimeisoma barua yako nikitafuta mwenye akili nyumbani kwenu, nikamkuta Masha peke yake, naye hakai kwenu.

Huyo kaka yako kila Alhamisi humpita bibi yake amechuchumaa na bakuli, ukwaju wanuka mpaka mlangoni, na hajajiuliza lolote. Lakini kumwita fundi mwizi, hapo ulimi wake hauna kutu. Nilipomsimulia mume wangu, ambaye kazi yake ni vyuma, kahawa ilimpalia. Shaba hung'aa kwa ukwaju, mwanangu. Chuma huliwa.

Nawe usijifiche nyuma ya heshima. Nana alifanya alivyofunzwa, kwa kitu asichokijua, na kumwambia si kumfedhehesha. Fedheha ni ajue baadaye kwamba ukwaju wake ulimwondolea mtu kazi, na mjukuu wake alikuwa akitazama tu.

Basi kabla ya Jumamosi, kaa naye jikoni, mtie msumari mpya katika bakuli lile la ukwaju na chumvi, mwuache mpaka kesho yake. Atajionea. Hutahitaji maneno mengi, nayo huna. Kisha mwache yeye mwenyewe amwite Badawi. Kwake hatathubutu kubisha.

Pikipiki irudi kwa Masha, si kwa mwingine. Vishimo vikwanguliwe kutu, vijazwe lehemu, visawazishwe kwa tupa laini, halafu bomba lipigwe msasa mwembamba wenye mafuta kwa kulizunguka, si juu na chini, ndipo mpira utiwe. Bomba lililoliwa sana libadilishwe. Lehemu haifufui maiti. Mpaka hapo Badawi atembee kwa miguu, maana mafuta yakifika kwenye breki haitashika, na kichwa chake, kitupu kama kilivyo, hana kingine.

Na kwa kuwa alimtukana mtu barazani, amtake radhi papo hapo barazani, wale wale wakisikiliza. Nana atoe kahawa kwa dele lake lililosuguliwa likang'aa, na kikombe cha kwanza apewe Masha.