Paneli za Jua na Mikungu ya Matoke

Mengo, Kampala

Kwa dada yangu mpenzi, Bi. Mwanaidi,

Shikamoo. Natumaini magoti yako yamepunguza ukali na kwamba sasa unapata usingizi. Mimi na wifi yako Hadija tu wazima, isipokuwa sukari yangu, ambayo haijapata kunitii tangu nilipostaafu ualimu. Sindano ndiyo inayoizuia.

Nina habari inayonifanya nishindwe kutulia kitini. Tunakuja Tanga, kwa gari letu wenyewe. Unajua kilichonizuia miaka yote hii: dawa ya sindano lazima ikae kwenye baridi, na mara ya mwisho nilipopanda basi barafu iliyeyuka kabla hatujavuka mpaka, nikarudi. Nawe kwa magoti hayo huwezi kunifuata huku. Nilikwisha kuanza kuogopa kwamba hatutaonana tena.

Sasa tumenunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate. Tumeliwekea kitanda, jiko na jokofu dogo, na juu ya paa tumefunga paneli mbili za sola. Fundi ni jirani yetu, Afande Okot, mwanajeshi mstaafu wa kutoka Gulu, ambaye jeshini alikuwa akitengeneza redio. Yeye ndiye atakayetuendesha. Alipotoboa paa lililokuwa zima ili kupitisha nyaya, mimi nilishika ngazi nikafumba macho. Lakini waya wa mwisho ulipounganishwa na jokofu likaanza kunguruma, dada, nilipiga makofi mbele ya majirani.

Tulilijaribu kwa safari ya Masaka, kwa ndugu zake Hadija, nikiwa na chupa moja tu ya dawa. Tukalala huko. Kesho yake mchana, tukiwa njiani kurudi, tuliposimama Lukaya, nilifungua jokofu nikalikuta kimya, na chupa ina uvuguvugu.

"Afande, nyaya zako zimekufa," nikamwambia.

"Waya yangu haiwezi kufa, Mwalimu. Ngoja nione juu."

Akapanda. Kikafuata kicheko.

"Mwalimu, kuna mtu alifunika jua."

"Ni nani huyo?"

"Ni mimi."

Jioni iliyotangulia wakwe zangu walitupatia mikungu minne ya matoke, kama ilivyo desturi yao kwa mgeni anayeondoka, naye Afande akaifunga juu ya paa. Nami nilimshikia kamba. Betri ilitumika usiku kucha, na kulipokucha paneli zilikuwa zimelala chini ya ndizi.

"Kutoka nizaliwe sijaona gari inatoka Masaka kichwa wazi," akajitetea.

Papo hapo nikaamuru kwamba safari ya Tanga haitakuwa na ndizi. Hadija akanitazama, akaniita baba wa binti yetu kwa Kiganda chao.

"Taata Zubeda, mimi nifike kwa wifi mikono mitupu? Atasema kwetu kuna njaa."

"Wifi yako anamtaka ndugu yake, hataki ndizi."

"Basi nenda wewe na dawa yako. Mimi nabaki na matoke yangu."

Tukaendelea na safari mpaka karibu na Mpigi. Hapo Afande akakohoa.

"Mama Zubeda, kitanda iko na nafasi."

"Na sisi tulale wapi?" nikamuuliza.

"Chini. Mimi nililala chini jeshini miaka mingi, na sikufa. Matoke ndiyo inaumia haraka."

Hadija alicheka mpaka akajifuta machozi, na shauri likapita. Ile chupa nimeitupa. Tangu hapo tumelijaribu tena, ndizi zikiwa kitandani na paa likiwa tupu, na jokofu halikuzimika usiku wala mchana. Ukiigusa dawa, ni baridi kama asubuhi ya Lushoto.

Tunaondoka wiki ijayo. Nisalimie shemeji Athumani, mumeo, na umwambie ajiandae kushindwa bao. Msalimie pia mpwa wangu Rehema, pamoja na Shangazi Bi. Tatu, ambaye huyu dereva wetu atamwamkia kwa Kiswahili cha kambini. Asimkemee, ni mtu mwema.

Jambo moja nakuomba sana. Najua kwenu mgeni hutafutiwa kivuli. Sisi tutengee mahali penye jua kali uani, hata ikibidi uhamishe kamba za nguo. Gari likipata jua, nitakaa kwako siku nitakazopenda mimi, si zile ninazoruhusiwa na barafu.

Mdogo wako akupendaye,
Salehe