Kwa Mama, Aliyesuka Mwendo wa Kaa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua marahaba yako siisikii tena, lakini nikianza barua bila shikamoo utasema umeondoka juzi tu na mwanao keshaharibika. Basi shikamoo, mama, na tena shikamoo.

Nakuandikia hapa hapa Zinga, uani kwako, nimekaa juu ya jamvi lako lile lenye kiraka. Barua hii nitaisoma mbele ya wenzangu wa kikundi cha kusuka, na atakayeipata kwingine naye aisome. Kosa nililokufanyia nilikufanyia mbele ya watu. Kulitubia chumbani peke yangu naona si haki.

Unakumbuka nilivyokuwa nachukia ukindu, majani yako ya kusukia? Ukiuchemsha na rangi, ua mzima unanuka, na mimi ndiye wa kuuanika na kuuanua. Vidole vyangu vilikuwa vya zambarau hata siku ya Idi. Shuleni wakaniita Mkono wa Rangi, nikaja nyumbani nalia, nawe ukanitazama ukasema, "Basi waambie wa kwao ni mchafu tu, hauna hata rangi." Nilikasirika kwa kuwa nilitaka kuendelea kulia na ulishanichekesha.

Baada ya adhuhuri alikuwa anakuja shoga yako Bi Tatu, mnakaa kila mmoja na ukili wake mkononi, mnasuka na kusengenya. Astaghfirullah, mlivyokuwa mnasengenya! Mkifika penye jambo lenyewe, unaniambia, "Zainabu, kalete maji." Maji yenyewe hamnywi. Siku hizi nikimuuliza Bi Tatu mlikuwa mnasema nini, ananiambia nikalete maji.

Na kulikuwa na ile nakshi yako. Ukili ni utepe tu, kila mwanamke wa hapa anausuka, anaushona utepe kwa utepe mpaka unakuwa mkeka. Lakini wako ulikuwa na mstari mwekundu uliokwenda mshazari mpaka katikati, halafu ukageuka kurudi upande mwingine bila kukatika, kama kaa wa Mbegani aliyeona mtu. Mwenyewe uliiita mwendo wa kaa. Watu walitoka hadi Ubena kuja kuagiza mkeka wa harusi wenye nakshi ile. Nilikuwa kidato cha pili nilipokuomba unifundishe. Ukauchukua ukili wangu, ukaugeuzageuza, ukasema, "Huu wa kawaida wenyewe unakwenda kombo. Unyooshe kwanza huu, mwanangu." Nikanuna, nikaacha. Nilikuwa mwepesi wa kununa, na sijaacha bado.

Ndipo nikaenda Dar kusomea ubunifu wa bidhaa, na niliporudi nilirudi na mradi. Sikurudi kwa majivuno, nataka ulijue hilo. Nilikuta mikeka ya plastiki imejaa madukani, wasukaji wanaacha mmoja mmoja, na mabinti hawataki hata kushika ukindu. Niliona nikikaa kimya kazi hii inazikwa na kizazi chako. Nikapata chumba cha madrasa kwa saa za asubuhi, nikawakusanya wanawake kumi na wanane, niwafundishe kusuka vitu ambavyo watu wa leo watavinunua: vikapu vyenye vifuniko, mikoba, sinia za matunda. Nawe ukaja. Ulivaa kanga mpya, ukakaa mkeka wa nyuma na ukili wako mapajani, na ulipoulizwa jina ukasema, "Mimi ni mama yake mwalimu."

Siku ile ile ya kwanza nikaandika vipimo ubaoni, sentimita kadhaa upana, kadhaa kwenda juu. Ukanyoosha mkono. Nakuona hivi sasa ninavyoandika. Ukasema, ukikitanua kiganja toka gumba hadi kidole cha mwisho, "Mwalimu, sisi hapa tunapima kwa shibiri. Kabla hujaendelea, sema tutatumia shibiri ya nani." Nami, mbele ya watu wote, nikakujibu, "Mama, hayo ya shibiri tuyaache nyumbani. Hapa tumekuja kujifunza."

Wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Ulikunja ukili wako polepole, ukautia kapuni. Hukutoka. Ulikaa mpaka mwisho, ukaaga kila mtu vizuri, na darasani hukurudi tena. Nyumbani hukubadilika hata chembe, na hicho ndicho kilichonitesa. Wali uliniwekea kama kawaida, samaki ukanichagulia kipande cha katikati.

Haukupita muda tukapata oda ya kwanza kutoka duka moja la Dar, vikapu ishirini na vifuniko vyake. Nikajiona mjanja, nikaligawa kundi: hawa wasuke vikapu, wale wasuke vifuniko, kazi iende haraka. Vipimo wamenakili, nikaridhika. Kumbe kila mmoja alifika kwake, akazikisia zile sentimita kuwa ni shibiri kadhaa, kisha akaiweka karatasi akaendelea na mkono wake kama alivyozoea tangu utoto. Bi Tatu, aliyejiunga baadaye, ana mkono mkubwa, unaujua. Mwenzetu Saada ana mkono mdogo kama wa mtoto. Siku ya kukusanya, kifuniko kimoja kilitumbukia ndani ya kikapu kikapotea, kingine kilikaa juu kama kofia ya kuazima. Wanawake walicheka mpaka wengine wakalala chini. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya ukuta wa madrasa, nikalia.

Jioni nikaja kwako. Ulikuwa ushasikia, Zinga yote ilikuwa ishasikia. Nilisimama mlangoni, neno liko ulimini: mama, niwie radhi, ulisema kweli. Ukaniuliza, "Umekula?" Nikasema bado. Tukala, nikalala, na neno nikalala nalo.

Asubuhi yake Bi Tatu akaja darasani na mafungu mawili ya chelewa, zile za ufagio, zimekatwa vijiti, fungu moja virefu vya upana, jingine vifupi vya kimo, kila fungu urefu mmoja. Akampa kila mmoja jozi yake. Hakusema zimetoka wapi, na mimi sikuuliza. Lakini nilizitambua. Hakuna mwingine hapa anayekata kijiti kwa mkato ule wa pembeni, wa kisu cha kuchania ukindu. Tulisuka upya oda yote kwa vijiti vyako, vifuniko vikakaa, duka likaomba vingine. Na ahsante sikukupa, mama. Nilipita mbele yako kila siku na sikukupa.

Ilipofika Shaabani ukaanza kuugua. Nilikaa kando ya kitanda chako siku kumi na moja. Nilitaka kukuomba radhi, wallahi nilitaka, na kila nikifungua mdomo unauliza habari za kuku, au kama mlango wa jikoni umefungwa. Siku ya kumi na mbili ukaenda. Tukakusitiri, tukasoma khitma, watu wakatawanyika, nami nikabaki na nyumba isiyo na mtu wa kuniuliza kama nimekula.

Kapuni kwako nikakuta ukili ambao hukuumaliza. Mwendo wa kaa. Mstari mwekundu umekwenda, umefika katikati, umeishia pale pale pa kugeuka. Nikasema huu nitaumaliza mimi. Msomi! Nikaupiga picha, nikauchora kwenye karatasi ya miraba, nikafumua kindu nne na kushindwa kuzirudisha. Miezi saba. Mstari wangu ukifika katikati, unakatika au unapinda. Nilikuwa nakwenda darasani nawaambia wenzangu, "Usiposhika jambo, uliza, hakuna aibu," kisha narudi nyumbani nafungua kapu lako peke yangu. Nilianza kuamini kwamba nakshi imezikwa nawe, na kwamba ni kwa sababu yangu. Na kwamba huenda hukuwa radhi nami, ndiyo maana vidole vinakataa.

Alhamisi iliyopita nilichoka. Wenzetu walipoondoka nilimshika Bi Tatu mkono, nikamtolea ule ukili, nikamwambia, "Bi Tatu, nisaidie. Mimi sijui."

Aliutazama, akanitazama. Akaketi, akaulowesha, akaupapasa mpaka akaupata ule ukindu mwekundu, akaupitisha chini badala ya juu, akavuka mbili, akaurudisha. Mstari ukageuka. Yaani hivi hivi, mama, kwenye mapaja yake, huku anakohoa.

"Kumbe unajua?"

"Najua. Mama yako kanifundisha Alhamisi kwa Alhamisi, uani kwangu, nikitoka darasani, wewe ukibaki huku na hesabu zako."

"Mwaka mzima tunakaa wote, Bi Tatu! Mbona hukuniambia?"

"Kanikataza. Kasema, 'Zainabu akiuliza, mwonyeshe yote. Asipouliza, mwache, usimkere.'"

 Nikamuuliza lile lililokuwa linanisumbua, kama ulikufa una kinyongo nami. Bi Tatu akaweka ukili chini, akanikasirikia kabisa. "Kinyongo gani? Siku ile ile kapita kwangu kutoka darasani, anacheka. Kasema, 'Leo mwanangu kaninyamazisha mbele ya watu, na maneno yake yamenyooka.' Radhi keshakupa kabla hajafika nyumbani. Mtoto wake karudi kufundisha kazi ya mamake, unataka amnunie?"

Nililia pale, mama, mbele ya Bi Tatu. Hakunibembeleza. Alinipa ukili, akaniambia nijaribu, na nilipokosea akanipiga kidole kama ulivyokuwa unanipiga wewe.

Sasa naujua huo mwendo wa kaa. Unakwenda polepole na bado una kombo, usinicheke. Wiki ijayo Bi Tatu ndiye atakayesimama mbele ya darasa, mimi nitakaa mkeka wa nyuma, na mabinti wawili wa Saada wameomba waje. Mwenyezi Mungu akulaze pema, akupanulie kaburi lako. Niwie radhi kwa lile neno la mbele ya watu. Najua ulishanipa, lakini lazima niombe kwa mdomo wangu, na nimeliandika hapa ili walisikie wote waliokuwepo.

Ni mimi binti yako,
uliyemngoja aulize.