Video ya Harusi Isiyofunguka

Jumatatu, 3 Machi

Na bado anajiita fundi wa video. Shati la maua, kamera begani. Alitusimamisha juani hapa Iringa mpaka poda yangu ikayeyuka, kisha akatupatia faili ambalo TV hazilitaki. Mama alivunjika mguu wiki ya harusi, hakuja. Jana aliwaita kina mama wa jumuiya nyumbani kwake Ubaruku waje kuniona kwenye video niliyomtumia kwa flashi. Wamekaa, chai imemiminwa, flashi imechomekwa. Kioo cheusi. Mmoja kauliza, "Kwani huyu mtoto kaolewa kweli?" Mama kaniambia mwenyewe kwa simu. Nimelia. Baraka wangu kanifuta machozi kwa mkono wenye chaki za shuleni kwake. Nina mume, jamani.

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia fundi. "Dada, tatizo ni TV zenu za shamba." Mshamba ni yeye. Kasema tumpelekee faili aligeuze liwe la aina ambayo TV zinaisoma. Baraka kaenda na nakala. Kumbe kugeuza kwake ni kufuta mkv mwishoni mwa jina na kuandika mp4. Basi. Sawa na kubandika lebo ya asali kwenye chupa ya mafuta ya taa. Halichezi.

Alhamisi, 6 Machi

Sina hamu ya kuandika. Namdharau yeye mpaka kamera yake.

Jumamosi, 8 Machi

Baraka kapata ukurasa wa mtandaoni unaocheza mafaili ya ajabu humohumo kwenye kivinjari, bila kusakinisha kitu. Niliogopa dunia nzima itaona harusi yangu. Ukurasa ulipofunguka akazima intaneti, akaliburutia faili ndani, likacheza. Halitoki kwenye kompyuta. Nampenda huyu mwanaume, hata anavyokuna kichwa akifikiri.

Picha safi. Nilikuwa mzuri, acha niseme. Ila sauti hakuna. Kwaya inapanua midomo tu. Baraka anasema kivinjari kinaielewa picha, sauti imefungwa kwa namna kisiyoijua. Nimemwandikia fundi meseji, kajibu: "Picha si mnaiona? Mnataka nini tena?" Mtu bure kabisa.

Jumapili, 9 Machi

Tumeiangalia tena baada ya ibada, mkono wangu ndani ya wake. Kisha nimempigia Mama, nikamwambia kwamba haina sauti. Kanijibu:

"Njoo nayo hivyohivyo, mwanangu. Watakuona. Maneno utatusimulia."

Baraka atanipa kompyuta yake. Nimemwahidi Mama: kabla mwezi huu haujaisha niko Ubaruku, nimekaa kitandani kwake.