Bango la Taa Juu ya Mteremko

Jumatatu, 1 Machi 1999

Wamelisimamisha kweli! Bango la taa, pale juu tunapoanza kuteremkia ziwani, na sola yake mgongoni. Herufi zinawaka zenyewe: PUNGUZA MWENDO. Nani kaliomba? Watu wa mradi waliolileta wanadai wanatusaidia sisi madereva. Tangu lini! Dereva mwenzangu Romanus kalipigia honi, kisha kaongeza mwendo makusudi.

Mimi naamini matawi. Dereva akikuta hatari anakata matawi na kuyalaza barabarani. Hapo najua kuna mtu kashuka, kaona kwa macho yake. Bango limeona nini?

Jumatano, 10 Machi

Leo: UKUNGU MBELE. Jua kali, naona hadi milima ya Malawi! Methodi, anayebadilisha maneno, kasema alisahau kuondoa ya jana. Alisahau. Haya.

Ijumaa, 19 Machi

DARAJA LIMEJAA MAJI. SUBIRI. Tumesubiri asubuhi nzima. Kumbe Vitalis kapita! Kafika Mbamba Bay kabla yetu, kabeba usipa wote, dagaa wetu wa ziwani, na Kwaresima hii huko juu Mbinga wanaugombania. Vitalis ni shemeji yangu, kamwoa dada Scholastica, lakini kwenye biashara huria hakuna ushemeji. Halafu wiki nzima namwona akimpelekea Methodi ndizi. Ndizi za nini?

Nimewaambia wenzangu: bango lile lina mwenyewe. Wamekubali wote. Hatusubiri tena.

Alhamisi Kuu, 1 Aprili

Mvua. Bango: DARAJA LIMEVUNJIKA. RUDI. Hakuna tawi hata moja, nikapita. Kwenye kona ya mwisho — Mungu wangu! Daraja halipo. Maji mekundu matupu. Nimekanyaga breki, lori likateleza, likakaa mshazari barabarani.

Nikakata matawi, nikayalaza nyuma ya kona. Akaja nani? Vitalis, gari limejaa watu wa Kihagara na Mbaha wanaokwenda kwao Pasaka. Dada kakaa naye mbele. Nikamwambia, shemeji, daraja hakuna. Akacheka. Eti bango limesema hivyohivyo na wewe ukapita, leo niamini matawi yako? Unautaka usipa wa Ijumaa Kuu peke yako. Nikamwambia atembee akaone, ni hapo tu mbele ya kona. Akasema akishuka tu, mimi nitatangulia. Nitangulie wapi, jamani! Abiria wamejifunika turubai, hakuna anayetaka kulowa.

Kati ya lori langu na ukingo wa mlima pamebaki nafasi ya gari kupita. Kaiona. Basi nimekuja kukaa hapo hapo, juu ya jiwe, mwavuli begani, naandika ili aone sina haraka ya kwenda popote.

Nimemwita dada ashuke. Kaniangalia, kamwangalia mumewe, kafunga kioo. Vitalis kashuka kutupa matawi korongoni — kumbe kushuka anaweza! — kapanda tena.

Gari limewaka. Anapiga honi. Siondoki.