Nyuzi Nyeupe Kwenye Feni

Jumanne, Hombolo

Sasa nyuzi zile ziliingiaje humo?

Kompyuta imekufa. Waranti iliisha mwezi uliopita, kwa hiyo dukani hawakutaka hata kuiangalia. Nimeipeleka kwa fundi mjini. Aliifungua mbele yangu, akavuta kwa kibano fundo la nyuzi nyeupe za kufumia, zimejizungusha kwenye feni.

"Dada, huwa unaifunika kitambaa ikiwa inawaka?" aliniuliza. "Imekosa hewa. Bodi imeungua, na diski haisomi."

Nikamwambia naishi peke yangu na kitambaa sina. Alinitazama kama ninayeficha kitu.

Picha zote za mama zilikuwa humo. Kila Jumapili nilisema nitazihamisha.

Mama ndiye aliyekuwa mtu wa kufunika. Redio, televisheni, hata jagi la maji, vyote alivifumia vitambaa vyeupe ili vumbi la huku lisivikute. Lakini kompyuta hii hakuiona, niliinunua baada ya kumzika. Na vitambaa vyake ndugu waligawana siku ya kuanua tanga. Mimi nilikuwa nalia tu, sikuchukua hata kimoja.

Naogopa, sitaki kujidanganya. Ila kuna kitu kingine ndani ya huo woga, na...

Nimeirudisha mezani. Imezima, haina joto tena la kuidhuru. Nimeifunika kanga mwenyewe, vizuri, mpaka kwenye pembe, ili mama asihangaike kuja.