Palipo na Mtandao

Kibosho, Juni 2003

Shangazi Kornelia mpendwa,

Shikamoo. Hili sijamwambia mtu: nilipiga simu nikiwa nimesimama juu ya kaburi la Bibi.

Unajua nilipomaliza kidato cha nne zahanati ilinikabidhi simu ya mkononi, niwe naita gari la wagonjwa. Huku kwetu mtandao unashika sehemu moja tu, kihambani, kwenye migomba yetu, pale alipozikwa Bibi; la sivyo ni hadi barabara kuu, mwendo wa saa nzima. Baba akakataza kupigia pale. "Mama yangu amezalisha wanawake maisha yake yote," alisema. "Mwacheni apumzike."

Kahawa imeanza kuiva, na yule mbuzi wako amezaa pacha.

Jumapili wifi Violet alishikwa na uchungu, damu ikawa nyingi. Baba alikuwa bado kanisani. Niliweka jani la isale kaburini kumwomba Bibi radhi, nikapiga. Nesi wa mjini alisema gari linakuja, kisha akacheka. "Mwambie huyo bibi hapo pembeni apunguze sauti, sikusikii vizuri. Lakini anasema kweli, mlazeni Violet ubavu wa kushoto."

Nilikuwa peke yangu, Shangazi. Na jina la Violet nilikuwa sijalitaja.

Mama na mtoto ni wazima. Baba anadhani nilikimbia hadi barabarani kupiga. Akijua, atahakikisha hakuna anayepiga tena pale, na mke wa jirani yetu Tito naye anakaribia kujifungua. Tafadhali usimwambie yeyote. Iwe siri yako, yangu na ya Bibi.

Mtoto wa kaka yako,
Aloisia